Baba Mkwe Amewaletea Kalunguyeye Wachumba

Mama mshauri, shikamoo. Nakuandikia kuomba msaada wa mawazo maana nilipofikia nashindwa hata kusonga ugali, naugeuza na mwiko mpaka unashika chini ya sufuria na watoto wananitazama tu, na sina wa kumwambia kwa sababu kila mtu ninayemfahamu hapa anahusika na jambo lenyewe, basi nikasema afadhali nimwandikie mtu asiyenijua. Ukilitoa gazetini, nakuomba jina langu ulibadilishe.

Mimi ni mke wa mtu, nina watoto wawili, nimeolewa katika kijiji kimoja cha ujamaa kisicho mbali na Mkiwa. Mume wangu Paskali anafanya kazi relini Manyoni, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Wakwe zangu wote wawili wako hai, tunakaa nao nyumba kwa nyumba tangu tulipohamishwa wakati wa Operesheni, na nataka nikuambie mapema kwamba baba mkwe wangu ni mtu mwema, tangu nimeingia kwake hajanitolea neno baya, na nilipojifungua mtoto wa kwanza akawa wa kike watu wakanuna yeye alichinja mbuzi, kwa hiyo usije ukadhani nimeshika kalamu kumsema. Jina lake silitaji. Huku kwetu mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe, hali naye chakula, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayepisha, anaingia pembeni na kugeuza uso mpaka mzee apite. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu na ndivyo ninavyofuata.

Sasa mwaka jana alikuja kijijini mtafiti wa chuo kikuu, anaitwa Ndugu Gaspari, kijana mpole mwenye miwani, akasema ametumwa kuchunguza kalunguyeye. Watu walicheka, Mama! Mzee mmoja akamuuliza, “Kwani watu mmeshamaliza kuwachunguza?” Nadhani kalunguyeye unamjua, si nungunungu, maana nungunungu ni jitu kubwa na linamaliza mihogo ya watu, huyu ni kadogo ka kuenea viganjani, kana miiba mifupi, ukikagusa kanajikunja kanakuwa mpira. Chakula chake ni wadudu, hana ugomvi na mtu. Zamani katika boma la wakwe zangu mbegu za uwele zilikuwa zinamwagwa kidogo juu ya ngozi ya kalunguyeye kabla ya kupelekwa shambani, ili zishike ardhi, na baba mkwe ngozi hiyo anayo mpaka leo, imekauka kama ubao. Mwenyewe huwa analalamika kwamba tangu tuhamie hapa hajamwona kalunguyeye akikatiza uani hata siku moja. Na ni kweli, maana walikuwa wanakaa kwenye minyaa na miiba iliyozunguka maboma yetu ya zamani, na tulipoondoka ile minyaa ilichomwa, pakalimwa, mbwa nao wakafanya kazi yao, wakabaki wachache tu katika kichaka kimoja nyuma ya ghala la kijiji, na kote kuzunguka kile kichaka ni mashamba.

Kwa kuwa nimemaliza darasa la saba na Kinyaturu ndicho nilichonyonya, nikachaguliwa kumsaidia Ndugu Gaspari. Kazi inataka subira. Kalunguyeye ukimlazimisha kufunguka anazidi kujikaza, kwa hiyo unamweka kwenye karai, unakaa kimya, unamngoja mpaka mwenyewe atoe pua, ndipo unamshika mguu na kitambaa na Ndugu Gaspari anachukua tone la damu. Kisha tunampaka rangi nyekundu kwenye miiba michache ya mgongoni ili siku nyingine tukimkamata tumjue. Damu inawekwa kwenye vichupa ndani ya sanduku la barafu, inapanda treni Manyoni mpaka Dar es Salaam, huko kuna mashine inayoonyesha kama damu ya huyu na ya yule zinatofautiana.

Majibu yaliporudi akaomba mkutano wa kijiji. Akasimama akasema, na mimi ndiye niliyekuwa natafsiri kwa wazee, “Hawa wa kichaka chenu wamekuwa ukoo mmoja. Damu zao hazina tofauti. Kaka anazaa na dada, baba anazaa na binti yake, ndiyo maana watoto wao hawadumu, na wakija kupata ugonjwa mmoja utawafagia wote.”

Mama, ilikuwa kama tumetangaziwa msiba. Wewe unajua kwetu kuoana ndani ya ukoo ni kitu gani, hata kukitamka mbele ya watoto watu hawapendi. Wanawake waliziba midomo. Baba mkwe wangu alikuwa amekaa mbele kabisa, akatikisa kichwa mpaka kofia ikaanguka, akamuuliza Ndugu Gaspari, “Na wewe umeyaona hayo ukawaacha hivyo hivyo?” Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Ndugu Gaspari akasema dawa yake ni kuwapa njia. Kuna ukanda wa ardhi kati ya kile kichaka na mlima, kamati ya kijiji ilitaka kuulima uwe shamba la alizeti, akaomba usilimwe, uachwe uote vichaka, ili wale wa kichakani na wale wa mlimani waweze kutembeleana na kuchanganya damu. Kamati haikupenda, lakini mwenyekiti akasema sawa, tutauacha kwa msimu mmoja, upime tena, ukikuta damu bado ni moja ukanda utabaki, ukikuta wanachanganyika wenyewe trekta litapita. Wakakubaliana hivyo.

Mvua zilipokwisha baba mkwe akaenda Iguguno kumsalimu dada yake aliyeolewa huko. Akarudi na lori la ushirika, amepakata tenga lililofunikwa majani. Nilikuwa natoka kuni, jua liko utosini, nikamwona pembeni ya kile kichaka amechuchumaa, anatoa kalunguyeye mmoja mmoja kwenye tenga na kuwalaza kwenye nyasi, na anaongea nao Kinyaturu, kwa maneno yale yale wazee wetu wanayoyasema wanapomfikisha bibi arusi. “Msiogope, mmefika kwa watu. Hapa hakuna wa ukoo wenu, mko huru kuoa na kuolewa. Zaeni, jazeni mahali.” Nilitaka kucheka na machozi yakanijia hapo hapo. Akainua kichwa akaniona. Mimi nikatoka njiani, nikageuza uso na mzigo wangu wa kuni kichwani, yeye akapita na tenga tupu akaelekea nyumbani kwa njia kuu inayopita mbele ya duka la ushirika. Hakusema kitu na mimi sikusema kitu.

Basi Ndugu Gaspari alipokuja kupima mara ya pili tukakamata wengi wasio na rangi, akafurahi, damu ikaenda Dar es Salaam, na wiki iliyopita amekuja mwenyewe mbio mbio hata hajatua mfuko. “Dorika, nilikosea! Kuna damu mpya kabisa! Ukanda haujaota hata kichaka kimoja, nao wanavuka mashamba wenyewe kutoka mlimani, hawahitaji ukanda wala nini!” Kisha akavua miwani akaifuta, akaniuliza, “Hakuna mtu aliyeleta wanyama kutoka mahali pengine? Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayeyajua ya hapa.”

Nikasema hapana.

Neno lilinitoka kabla sijalifikiria, Mama, na sasa haliwezi kurudi. Anakwenda kuiambia kamati kwamba ukanda ulimwe. Pia anaandika kazi yake ya kusomwa na wataalamu wenzake, na amesema jina langu ataliweka mwishoni kunishukuru. Kila akinishukuru nainama najifanya napanga vichupa. Maana najua trekta likishapita hapo hakuna kalunguyeye atakayevuka tena, wale waliotoka Iguguno nao watabaki wamefungiwa humo humo na hao wenyeji, na baba mkwe wangu aliyetaka kuwaokoa atakuwa ndiye aliyewamaliza na wala hatajua.

Nilimwambia Paskali alipokuja. Alipandisha hasira, “Unataka baba yangu aitwe mhujumu?” Anaogopa kwa sababu wakati wa kuhama baba mkwe alikuwa wa mwisho kutoka katika boma lake, alikaa mlangoni mpaka paa likaezuliwa, na katibu wa kijiji akatamka mbele ya watu kwamba huyu mzee tunamwangalia. Sasa wakisikia ameharibu kazi iliyoletwa na serikali, si ndiyo nafasi yao? Paskali amesema nikifungua mdomo nirudi kwetu.

Mama mshauri, nikisema nimemvua nguo baba mkwe wangu mbele ya kijiji, jambo ambalo hakuna mkaza mwana aliyewahi kulifanya akaendelea kuitwa mtu. Nikinyamaza ukanda unalimwa, wanyama wanakwisha, na kijana wa watu anakwenda kusimama mbele ya wataalamu na uongo wangu mkononi. Kamati inakutana kabla ya mvua za kupandia. Silali. Nifanye nini?

Mkaza mwana, jirani na Mkiwa

JIBU LA MAMA RAHELI

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelibadilisha kama ulivyoomba, na humu nitakuita Dorika. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaenda kuwapa kuku maji, nikarudi nikaisoma tena. Nakiri mara ya kwanza nilicheka pale kwenye tenga. Mara ya pili sikucheka. Pole sana, mama. Umeachwa peke yako na mzigo wa watu watatu, wakati mwenye mzigo mmoja yuko relini, wa pili anafuta miwani, na wa tatu hajui hata kama kuna mzigo.

Sasa tukae tusemezane, na nitakapokugombeza usikasirike, maana sehemu moja nitakugombeza.

Ile “hapana” ni yako. Usimbebeshe baba mkwe wako, wala mila, wala Paskali. Uliulizwa swali zuri na mtu aliyekuheshimu, ukasema uongo. Naelewa ulivyobanwa, hata mimi ningeweza kubanwa hivyo, lakini neno ulilolitoa wewe utalirudisha wewe. Na linarudi, nani amekudanganya kwamba halirudi? Kalunguyeye aliyejikunja unamngoja kwenye karai mpaka atoe pua, na wewe mwenyewe umeshindwa kutoa pua wiki nzima! Njia ya mwongo ni fupi, binti yangu, na yako inaishia pale trekta litakapowashwa.

Hapo nimemaliza kukugombeza. Nageukia wengine.

Ndugu Gaspari namheshimu kwa elimu yake, na kazi yake ni njema, maana mnyama anayepungua bila kuhesabiwa ni kama mtoto anayekonda na hakuna anayempeleka zahanati. Lakini alisimama mbele ya wazee wa Kinyaturu akawaambia kwamba pale nyuma ya ghala kaka anazaa na dada, kisha akataka wazee warudi nyumbani wakanywe uji walale? Alitegemea nini? Mkwe wako alimwuliza waziwazi, “Umeyaona hayo ukawaacha hivyo hivyo?” Lile lilikuwa swali la kweli, na mkutano ukalichukua kuwa mzaha. Mzee akaona hakuna mwenye haya mahali pale, akafanya linalofanywa na mzazi yeyote mwenye akili timamu ukoo ukiwa hauna wa kuoa: akaenda mbali akatafuta wachumba. Ndugu Gaspari alipaswa kuwaambia watu, tena kwa kurudia, kwamba katika muda wa kupima asiguswe mnyama, asiongezwe, asipunguzwe. Hakusema, au kama alisema hukuniandikia. Basi kosa la kwanza ni lake, na nina hakika ni kijana wa kulikubali akielezwa vizuri.

Paskali naye. Anaogopa kwa ajili ya baba yake, na hofu yake si ya bure, mwaka ule wa kuhama sote tuliona mambo. Lakini mume anayemwambia mke wake “ukifungua mdomo rudi kwenu”, kisha anapanda treni na kuondoka, amemwachia mke ulinzi wa nyumba na kumnyang'anya rungu. Mwandikie aombe ruhusa aje. Mwambie Mama Raheli amesema kwamba mtoto wa kiume anayempenda baba yake husimama karibu naye siku ya maneno, hasubiri habari Manyoni.

Nakuja kwa mzee mwenyewe, na hapa ndipo nilipokuona umepotea njia kabisa. Barua yako yote umeandika kana kwamba mzee anaficha. Anaficha nini? Amepanda lori la ushirika na tenga mapajani, mbele ya dereva na utingo na abiria. Amewaachia wanyama jua liko utosini. Amekuona unamwona, na hakukimbia. Amerudi na tenga tupu akapita mbele ya duka. Mtu anayeficha hapiti mbele ya duka, Dorika! Yule mzee hajaficha kitu. Hakuna aliyemuuliza. Wewe ulinyamaza kwa sababu ya adabu ya mkwe, na yeye alinyamaza kwa adabu hiyo hiyo, maana hata yeye hana ruhusa ya kuanza mazungumzo na mkaza mwana kichakani. Mkapishana kwa heshima zote, na katikati yenu uongo ukapata mahali pa kukaa. Heshima ya mkwe nimeishi nayo na siidharau, lakini wazee hawakuiweka ili watu wa nyumba moja waangamizane kwa ukimya. Ndiyo maana waliacha mlango wa pili, na mlango huo wewe umeupita kila asubuhi ukienda kisimani bila kuuona.

Mama mkwe wako. Katika barua ndefu vile umemtaja mara moja tu, kwamba yuko hai. Huyo ndiye mlango. Neno la mkaza mwana kwenda kwa baba mkwe hupita kwa mama mkwe, limekuwa hivyo tangu zamani, na halijawahi kumvua mtu nguo.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwa mama mkwe wako ukamsaidie kazi yoyote aliyonayo, kupepeta, kuchambua mboga, lolote linalowakalisha wawili. Mwambie yote, na uanze na uongo wako, usianze na tenga la mumewe. Mwambie trekta linasubiri nini. Halafu mwombe akamuulize mzee kwa niaba yako kama yuko tayari kumwambia mgeni mwenyewe, kwa mdomo wake, alikowatoa wale wanyama. Mimi nadhani atashangaa kwamba imechukua muda wote huu. Labda nakosea, simjui, lakini mtu aliyewaombea kalunguyeye wazae wajaze mahali hawezi kukubali wamalizwe kwa sababu ya kimya chake.

Siku hiyo hiyo mtafute Ndugu Gaspari. Usimtaje mzee wala usimung'unye maneno. Mwambie: “Uliniuliza nikakujibu hapana. Haikuwa kweli. Waliletwa. Usiende kwenye kamati wala usiandike lolote mpaka mwenye habari akusimulie mwenyewe.” Akikasirika mwache akasirike, anayo haki. Akikuondoa kazini, vumilia, utakuwa umeondoka na jina safi. Ila sidhani, maana utakuwa umemwokoa na aibu kubwa kuliko hiyo, ya kusimama mbele ya wataalamu na kutangaza kwamba kalunguyeye wa Singida wanavuka mashamba wenyewe, kumbe walivuka kwa lori.

Mzee atakapokwenda kuzungumza naye, asiende peke yake. Aende na Paskali na mzee mwingine mmoja mwenye kusikika kijijini. Na Ndugu Gaspari ndiye atangulie mbele ya kamati, kabla katibu hajalisikia mtaani na kulipaka rangi yake. Aseme wazi kwamba hakuna hujuma hapo, kwamba yeye hakukataza, na kwamba kazi yake haijaharibika. Mimi si mtaalamu wa damu, lakini hata mimi wa kuwapa kuku maji naona kwamba wageni wanaweza kutengwa na wenyeji, wenye rangi mgongoni ni wenyeji, na mwenye kuwaleta yupo wa kueleza alikowatoa. Akiwatoa wageni kwenye hesabu, wale wa kichakani watabaki ni ukoo mmoja kama walivyokuwa, na neno la kamati lilikuwa kwamba damu ikiwa moja ukanda haulimwi. Kama wale wa Iguguno warudishwe kwao au waachwe, kwamba labda wameleta maradhi au labda wameleta heri, hilo aamue yeye aliyelisomea.

Halafu mpeni mzee nafasi ya kusema mkutanoni. Mwache aeleze alichofanya na kwa nini, kwa Kinyaturu chake, na wewe utafsiri kama ulivyotafsiri mwanzo. Kutafsiri maneno ya mkwe si kumtaja jina, kwa hiyo mila yako itabaki salama. Mtu akiwauliza, kama mzee ameshaleta damu mpya ukanda ni wa nini tena, jibu liko katika mila zetu wenyewe: harusi moja haitoshi ukoo. Wajukuu wa wale wachumba watakuwa ndugu tena, na mzee hatakuwepo miaka yote wa kupakata tenga. Ukanda utafanya kila mwaka alichofanya yeye mara moja. Mwambie mama mkwe amwambie hilo kwanza. Akilielewa, kamati haitakuwa na msemaji mwingine wa kumshinda.

Sikuahidi kwamba ukanda utapona. Huenda kamati ikasema alizeti ni alizeti, na ikapitisha trekta. Hilo likitokea utalia, na wanyama wale watapungua, na itauma. Lakini itakuwa imeamuliwa na watu waliojua ukweli, wala si kwa “hapana” ya mwanamke mmoja aliyeogopa.

Jambo la mwisho, nalo si dogo. Jina lako nimelibadilisha, lakini kalunguyeye sikuweza kuwageuza sungura. Wakwe zako wakisomewa gazeti hili watakutambua kabla hawajafika aya ya tatu, na katibu vilevile. Ndiyo maana nimekutumia jibu hili kwanza kwa posta, na gazeti nimelizuia kwa majuma mawili. Huo ndio muda ulionao. Aibu uliyokuwa unaiogopa ni hii hasa, mzee wa watu asikie habari zake zinasomwa kwa sauti barazani, kabla mke wake hajamwambia.

Amesafiri kutoka Iguguno na tenga mapajani ili viumbe visivyo vyake visizae ndugu kwa ndugu. Mzee wa namna hiyo aulizwe na watu wa nyumbani kwake kabla hajaulizwa na katibu. Ukimaliza kusoma, kunja barua hii, funga mtoto mgongoni, nenda kwa mama mkwe wako. Nenda leo.